SOMO LA JIOGRAFIA: MBAAZI ZA KARATU NA WATU WA BARA HINDI



Somo la safari hii si la kupalilia wala la kuanika. Najua baadhi yenu mtasema, "Katibu ametuacha na karafuu zetu, amekwenda kutafuta mbaazi za watu wa bara." Naomba subira. Ndani ya mbaazi hizo mna habari ya karafuu, nayo itafika mahali pake.

Mwezi wa Julai, hesabu za chama zilipokwisha kufungwa, nilipata ruhusa ya kwenda Karatu, ambako binamu yangu anafundisha skuli. Kutoka Arusha barabara yaelekea magharibi mpaka Makuyuni, yapinda kulia, yapita Mto wa Mbu penye migomba mingi, kisha yapanda ukuta mkubwa wa Bonde la Ufa. Ukisimama juu waliona Ziwa Manyara chini yako kama sinia la bati. Huko juu ardhi ni nyekundu, mashamba yamepanda na kushuka vilima, na baridi ya Julai si mchezo kwa mtu wa kisiwani. Niliazima koti siku ya kwanza na sikulirudisha mpaka siku ya kuondoka.

Yafaa kwanza tujue wenyeji ni akina nani. Wakulima wa Karatu wengi wao ni Wairaki, ambao wengine twawaita Wambulu. Lugha yao si ya Kibantu; ni ya jamii ya Kikushi, jamaa ya mbali ya Kisomali. Kwao kwa asili ni milima ya Mbulu, upande wa kusini. Watu walipozidi huko na ardhi ikabaki ile ile, walisogea kaskazini, na katika karne ya ishirini wakajaza nyanda za Karatu, ambazo hapo kabla zilikuwa malisho ya Wamasai. Vichaka vilifyekwa, mbung'o wakapungua, jembe likafuata. Chini kwenye Ziwa Eyasi wako Wahadzabe, ambao huwinda na kurina asali, na Wadatoga wenye ng'ombe. Na hapo hapo Mang'ola watu wa makabila mengi hulima vitunguu kwa maji ya chemchemi. Huko Oldeani walowezi wa Kijerumani walifungua mashamba ya kahawa baada ya vita vya kwanza vya dunia, na kahawa ingalipo.

Ukipanda tena kidogo wafika kwenye lango la Ngorongoro. Hapo nilisimama nikatazama pande mbili. Upande huu kila pembe ya ardhi imelimwa. Upande wa pili ni msitu, na nyuma ya msitu Wamasai na mifugo yao. Hifadhi ile iliundwa mwaka 1959, ina ukubwa wa kilomita za mraba 8,292, na kilimo ndani yake kilikatazwa mwaka 1975, kikaruhusiwa kidogo mwaka 1992, kisha kikakatazwa tena. Msitu ule ndio unaoshika mawingu na kuwapa watu wa Karatu chemchemi zao. Basi mkulima wa Karatu hawezi kusogea tena kaskazini kama babu yake alivyosogea. Wilaya yao ilihesabiwa watu 230,166 mwaka 2012. Ardhi imekwisha, aliyobaki nayo lazima imlishe na imletee fedha.

Hapo ndipo mbaazi zilipoingia. Mkulima hupanda mahindi na mbaazi katika shamba moja, wakati mmoja. Mahindi hukua upesi, mbaazi hazina haraka. Mahindi yakivunwa, mbaazi husimama peke yake, mizizi yake hushuka chini sana kutafuta unyevu, na huzaa wakati wa kiangazi, mwezi wa Agosti na Septemba. Majani yakianguka hurutubisha udongo, na miti yake ni kuni. Nilipofika mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa na mashamba yote yalikuwa ya kijani kwa mbaazi, katika nchi ambayo majani ya kawaida yamekauka.

Binamu yangu alinipeleka kwa mzee mmoja jirani yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka kisiwani? Huko kwenu mnakula mbaazi?"

"Twala, mzee. Asubuhi, kwa nazi, na maandazi."

Alicheka. "Sisi hapa zamani tulikuwa hatuli sana. Tunapanda, tunauza. Wanakula Wahindi."

Akanieleza habari ya mwaka 2017. Miaka miwili nyuma yake kilo moja ilikuwa imepita shilingi elfu mbili, na wachuuzi walikuwa wakigombana mlangoni. Basi yeye, kama jirani zake wote, aliongeza mbegu. Mwaka 2017 alivuna magunia tisa, zaidi ya mwaka wowote. Wachuuzi hawakuja. Alipofuata mjini aliambiwa bei ya shilingi mia chache, na wengine hawakutaka hata kwa bei hiyo. Alikuwa amekopa mahali fulani kwa kutegemea mbaazi. Akauza ng'ombe wawili kulipa, na mtoto wa tatu akakaa nyumbani muhula mzima. Magunia manne yaliliwa na wadudu.

Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu aulizaye njia: "Mwanangu, wewe umesoma. Tuliambiwa India wako watu zaidi ya bilioni moja, na wote wanakula mbaazi. Watu wale wote walishiba siku moja?"

Nami sikuwa na jibu. Nilirudi Unguja nikatafuta vitabu, na somo hili ndilo jibu lake.

Tuanze na upepo, maana upepo huo twaujua. Kusi yetu, ambayo ilisukuma majahazi ya wazee wetu kwenda Kutch na Bombay, haikomi pwani ya Somalia. Huvuka bahari, hubeba maji, na ikifika Bara Hindi mwezi wa Juni huwa ndiyo masika yao mpaka Septemba. Sehemu kubwa sana ya mvua yao ya mwaka mzima hunyesha katika miezi hiyo minne. Kusi ikilegea, mamilioni hukosa.

Watu wa Bara Hindi hawakutawanyika sawasawa. Walio wengi wamejaa katika bonde la mto Ganges, toka Uttar Pradesh mpaka Bengal, ambako mto huleta udongo mpya na mpunga hustawi. Katika jimbo la Bihar sensa ya mwaka 2011 iliona watu 1,106 katika kila kilomita moja ya mraba; katika Rajasthan, kwenye jangwa, watu 200 tu. Tusiwashangae sana wa Bihar. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773, na ukigawa kwa ardhi yetu wapata zaidi ya 760 kwa kilomita ya mraba. Karatu, kwa hesabu ya 2012, ilikuwa kama 70. Kwa hiyo sisi wa visiwani twafanana na Mhindi wa bonde la Ganges kuliko tunavyofanana na ndugu yetu wa Karatu, ambaye tayari analia ardhi imekwisha.

Sasa dini. Hapa kwetu mazoea ya kusema yametuchanganya, maana mtu husema "Mhindi" akikusudia "Mhindu". Mhindi ni mtu wa nchi ile, awe wa dini yoyote. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, yule ambaye wazee wetu walimwita Baniani. Katika sensa ya 2011 Wahindu walikuwa asilimia 79.8 ya watu wa India, na Waislamu asilimia 14.2, yaani watu milioni 172. Kumbukeni kwamba mwaka 1947 nchi iligawanywa, Pakistan ikatoka, na mwaka 1971 Bangladesh ikatoka Pakistan. Katika mgawanyo wa 1947 watu zaidi ya milioni kumi walihama, Waislamu huku, Wahindu na Masingasinga kule, na wengi walichinjwa njiani. Ukiziweka nchi tatu hizo pamoja, Waislamu wao wanapita milioni 500, na hakuna sehemu nyingine ya dunia yenye Waislamu wengi zaidi ya hiyo.

Wengi hudhani Uislamu uliingia kule kwa upanga wa masultani wa Delhi peke yake. Ramani yakataa. Kama ni upanga tu, Waislamu wangekuwa wengi zaidi Delhi na Agra, walikokaa wafalme. Lakini wengi wao wako pembeni: Punjab ya magharibi, Kashmir, na Bengal ya mashariki. Mwanahistoria Richard Eaton ameonesha kwamba katika Bengal ya mashariki dini ilienea pamoja na jembe. Ilikuwa nchi ya misitu na vinamasi. Watu wema wa tarika walipewa ardhi, wakakusanya watu, wakafyeka, wakajenga msikiti wa udongo, wakapanda mpunga. Vizazi vikapita, na mkulima wa mpunga akawa Mwislamu bila vita. Na pwani ya Malabar ilipata Uislamu kwa wafanya biashara wa pilipili, jinsi ile ile pwani yetu ilivyoupata. Nadhani habari hii yastahili somo lake peke yake siku nyingine.

Turudi kwenye sahani. Wahindu wengi hawali ng'ombe, na wako wengi wasiokula nyama yoyote. Uchunguzi wa taasisi ya Pew ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2021, uliona kuwa watu wazima 39 katika kila mia India hujiita wasiokula nyama. Asiyekula nyama wala samaki lazima apate nguvu mahali pengine, na mahali hapo ni nafaka za jamii ya kunde: dengu, choroko, adesi, na mbaazi. Mbaazi wao huzikoboa na kuzipasua, zikawa dali ya manjano, wakaziunga kwa bizari na samli. Watu wa Gujarat na Maharashtra hawana siku isiyo na dali hiyo. Watu wa kusini huifanya mchuzi wa sambar. Bengal hupenda zaidi adesi. Na Waislamu nao hula, tena huipika pamoja na nyama. Kwa hiyo dini ndiyo iliyoiweka mbaazi pale mezani, lakini ikishawekwa hula kila mtu.

Mbaazi yenyewe asili yake ni huko huko India, na huko ndiko inakolimwa zaidi kuliko mahali popote duniani. Hili ndilo jambo ambalo mzee wa Karatu hakuambiwa. Alidhani ana mlaji. Kumbe ana mlaji ambaye pia ni mkulima. Hulimwa Maharashtra, Karnataka na Madhya Pradesh, sehemu kavu za katikati, wala si kwenye maji ya Ganges. Mashamba hayana mifereji, yangoja kusi. Mbaazi zao huanza kuvunwa mwezi wa Desemba na kuendelea. Zetu za Afrika Mashariki huvunwa mapema kuliko zao, zikafika bandarini wakati ghala zao zinakaribia tupu. Nafasi yetu ni hiyo miezi michache tu ya katikati.

Basi tazama ilivyokuwa. Mwaka 2014 mvua ya kusi ilikuwa haba; mwaka 2015 ikawa haba tena. Mbaazi zikaadimika, na mwaka 2015 kilo moja ya dali katika miji ya India ikafika rupia 200. Watu wakapiga kelele, maana dali ni chakula cha maskini. Serikali yao ikafungua milango, ikatafuta mbaazi kila pembe ya Afrika; mwaka 2016 ikatia sahihi mapatano na Msumbiji ya kununua nafaka hizo. Hapo ndipo wachuuzi walipogombana mlangoni kwa mzee wa Karatu. Lakini bei ile ile iliyomfurahisha mzee ilimfurahisha na mkulima wa Maharashtra, naye akaongeza mbegu. Mvua ya 2016 ikanyesha vizuri. Mavuno yao, yaliyokuwa tani milioni 2.6 msimu wa 2015 na 2016, yakawa karibu tani milioni 4.9 msimu uliofuata. Bei ikaanguka kwao wenyewe. Wakulima wao 86 katika kila mia wana shamba lisilofika hekta mbili, nao wana kura. Tarehe 5 Agosti 2017 serikali ya India ikatoa amri: mbaazi za kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka.

Mwezi wa Agosti, ndugu zangu. Mbaazi za Karatu zilikuwa mtini, zimekomaa, na mkopo umekwisha kuliwa.

Kwa hiyo mzee alikuwa sawa na hakuwa sawa. Hawakushiba siku moja. Waliendelea kula kama kawaida, ila walikula za kwao. Amri ile ilidumu mpaka Mei 2021, walipofungua tena kwa muda, wakawa waongeza muda kipindi kwa kipindi, na bei ya Karatu ikainuka. Kilichofunguliwa kwa kipindi chaweza kufungwa kwa kipindi.

Sasa nimefika kwenye karafuu, kama nilivyoahidi.

Wazee wetu walionja jambo hili miaka themanini kabla ya watu wa Karatu. Mwaka 1937 serikali ya Kiingereza ya hapa Zanzibar ilitoa sheria ya kukipa Chama cha Wakulima wa Karafuu cha wakati ule, kilichoundwa mwaka 1927, uwezo wa peke yake wa kununua na kusafirisha karafuu. Waliokuwa wakiifanya biashara hiyo walikuwa wafanya biashara wa Kihindi, ambao pia waliwadai wakulima wengi fedha, na mashamba mengi yalikuwa rehani mikononi mwao. Wao wakagoma. Na huko India chama cha Congress kikawaambia watu wasinunue karafuu ya Zanzibar. India ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa. Karafuu ni kiungo cha pilau yao na bizari yao, hutiwa katika sadaka za mahekalu ya Kihindu, na katika tambuu karafuu moja huchomekwa kushikilia jani lililokunjwa. Watu wakala tambuu bila karafuu, na gunia zetu zikalala mpaka mapatano yalipofanywa mwaka 1938. Nani alikuwa na haki katika ugomvi ule? Mimi naona mkulima alikuwa na haki ya kutaka kutoka katika deni, na pia naona waliotunga sheria ile hawakujiuliza hata mara moja nani atainunua karafuu.

Mara ya pili ilitoka Java. Hiki nacho ni kisiwa kilichofinyangwa na dini mbili hizo: kwanza wafalme wa Kihindu na Kibuddha, kisha, toka karne ya kumi na tano na kumi na sita, Uislamu. Sensa ya 2020 ilihesabu watu wa Java milioni 151. Huko uko mji uitwao Kudus, jina lililotoka al-Quds. Msikiti wake wa mwaka 1549 una mnara wa matofali mekundu uliojengwa kama hekalu la Kihindu, na mpaka leo Waislamu wa mji huo kwa desturi hawachinji ng'ombe, huchinja nyati wa kufugwa, kwa heshima ya majirani wa kale ambao ng'ombe ilikuwa kwao kitu cha kuheshimiwa. Na katika mji huo huo wa Kudus, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ndiko ilikozaliwa sigara ya kretek, tumbaku iliyochanganywa na karafuu, ambayo jina lake ni mlio wa karafuu ikiungua.

Sigara hiyo ndiyo iliyojenga nyumba nyingi za Pemba. Kwa miaka mingi baada ya vita vya pili Indonesia ilikuwa mnunuzi wetu wa kwanza. Karafuu yenyewe asili yake ni visiwa vyao vya Maluku, lakini yao haikuwatosha. Kisha serikali yao ikawahimiza watu kupanda. Mikarafuu ikapandwa Sumatra, Sulawesi na Java, miaka ikapita kimya, na katika miaka ya 1980 Indonesia ikajitosheleza. Wale wenye umri mnakumbuka bei ilivyoporomoka na mashamba yalivyoachwa msitu. Wavutaji wa Java hawakupungua hata mmoja. Kama mbaazi, mlaji alikuwa mkulima.

Ipo tofauti moja, nayo yatuelemea sisi. Mzee wa Karatu mwaka 2018 alipunguza mbaazi, akaongeza ngwara na mahindi. Mbaazi ni zao la msimu, mtu hubadili shauri kila masika. Mkarafuu hungoja miaka saba au minane ndipo uzae vizuri, na hukaa miaka hamsini na zaidi. Apandaye mche leo anaweka dau juu ya watu wa Mumbai na wa Kudus ambao hawajazaliwa.

Nimetundika ofisini ramani mbili kubwa, moja ya Bara Hindi na moja ya visiwa vya Indonesia, na nimetia alama nyekundu bandari ambazo karafuu zetu hupelekwa. Mwanachama yeyote aje atazame, na watoto wa skuli waje pia, ila wasichore juu yake.

Jibu lile nilimpelekea mzee kwa barua, na binamu yangu akamsomea barazani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akamwambia binamu yangu aniandikie swali moja tu: "Muulize yule kijana wa kisiwani, mwaka huu mvua ya kwao imenyesha?"